Nyumba ya Korosho na Magoti ya Mwenye Nyumba

Mhadhara kuhusu kurekebisha makazi ya wazee na watu wenye ulemavu katika Masasi na Newala

 

Nitaanza na kitu ambacho sisi watu wa huku tunakionea fahari tunapojenga, nacho ni msingi. Msimu wa korosho ukienda vizuri, vijiji vyetu vinabadilika sura. Msimu wa 2017/2018, bei ilipovuka shilingi 3,500 kwa kilo mnadani, bati mpya ziling'aa kuanzia Masasi chini mpaka ukingo wa Newala juu. Aliyekuwa na nyumba ya miti na udongo akainua ya tofali. Na kila aliyejenga alitaka msingi wake upande juu kuliko wa jirani. Sababu nzuri zipo: maji ya mvua yasiingie, mchwa wasipande upesi, vumbi lipungue. Lakini ipo pia sababu ya heshima. Nyumba iliyoinuka inaonekana kutoka barabarani.

Nyumba ya zamani ilikuwa na taabu zake, nami sitaki mtu yeyote arudi huko. Ilikuwa na giza, ilijaa moshi, na paa la nyasi liliomba kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Ila sakafu yake ilikuwa karibu sawa na ua. Mzee aliamka mkekani, akashika mwimo wa mlango, akatoka. Nyumba mpya ina ngazi tatu au nne, nyembamba, hazina pa kushika. Ina kizingiti cha saruji. Ndani ina marumaru inayoteleza ikipata tone la maji. Milango ya vyumba imebanwa ili kuokoa mbao. Choo kiko uani, nacho kimeinuliwa kwa ngazi mbili zake chenyewe.

Aliyeijenga alikuwa na miaka 45, ana nguvu, anabeba gunia la korosho begani. Miaka 25 baadaye nyumba bado itakuwa imesimama imara. Kitakachochoka ni magoti.

Ninalotaka kuwaambia ni hili: nyumba ya mzee, au ya mtu mwenye ulemavu, haitengenezwi kwa kuifanya nzuri zaidi. Inatengenezwa kwa kufuata safari ambazo mwenyewe hana budi kuzifanya kila siku, nasi tuzifupishe na kuzilainisha moja baada ya nyingine. Na hapa kwetu, safari ya kwanza ni ya maji. Vitabu vingi vya ujenzi vinavyozungumzia ulemavu vimeandikwa mahali ambapo bomba liko jikoni, kwa hiyo vinaanzia mlangoni. Sisi tukianzia mlangoni tutakuwa tumeruka shida iliyo kubwa kuliko zote.

Wenyeji wa uwanda wa Newala wanaijua ardhi yao. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini mchanga unainywa yote. Maji yanazama chini sana, kisha yanatokea mabondeni, chini ya miteremko. Mtaalamu Mjerumani Karl Weule alipokaa Newala mwaka 1906 aliwakuta watu wakiishi juu na maji yako chini. Serikali ya Kiingereza ikaja na mpango wa kusukuma maji kutoka mabondeni kupandisha uwandani katika miaka ya 1950. Wafadhili wa Finland wakaisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 na 1980. Sasa tunausubiri mradi wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Miaka yote hiyo ugumu haukubadilika: maji lazima yapandishwe mamia ya mita, na pampu ikikosa umeme au kipuri, kijiji kizima kinarudi kwenye ndoo. Masasi hali ni nafuu kidogo tangu maji ya chemchemi za Mbwinji yafike mjini, lakini vijijini ndoo ni ileile.

Halafu tukumbuke operesheni ya vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa siasa ya ujamaa na kwa sababu ya vita ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, watu wa Mtwara walihamishwa mapema kuliko mikoa mingi. Nyumba zikapangwa kandokando ya barabara. Vijana waliobeba miti ya nyumba hizo begani ndio wazee wetu wa leo. Mahali walipojenga palichaguliwa kwa ajili ya barabara, shule na usalama. Umbali wa kwenda majini haukuwa hoja kubwa, kwa sababu walikuwa na miguu.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama wa miaka 75 hawezi kujitwisha, na kwa magongo mawili haibebeki kabisa. Kwa hiyo mtu anaanza kuishi kwa huruma ya mjukuu. Mjukuu akienda shule au akihamia Dar es Salaam, maji yanapungua. Maji yakipungua, mzee anaacha kuoga kila siku, kisha anapunguza hata kunywa, ili asihitaji kwenda chooni mara kwa mara. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia nyumbani, na sisi tunauita uzee.

Wapo wengine ambao kwao maji ni dawa. Ukanda wetu unajua matende. Mguu uliovimba hautibiwi kwa kidonge peke yake. Unataka kuoshwa kwa maji safi na sabuni kila siku, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, uinuliwe juu mtu anapokaa. Mwenye mguu huo akikosa ndoo moja kwa siku, vidonda na homa vinarudi. Kwake yeye, tangi la maji kando ya mlango lina kazi kuliko kiti chochote tutakachomnunulia.

Sasa tupige hesabu, mafundi mnisahihishe. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina paa la mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 900 kwa mwaka ikinyesha juu yake ni lita 72,000. Tutoe sehemu moja ya tano kwa ajili ya kumwagika na kuosha bati, zinabaki lita 57,600. Mtu mmoja anayetumia ndoo mbili kwa siku, katika siku 210 za kiangazi, anahitaji lita 8,400. Paa lake linamletea maji hayo karibu mara saba, na sehemu kubwa yake tunaiacha ianguke kibarazani na kuchimba mtaro kwenye msingi ule tunaouringia.

Asiyeweza kununua tangi la lita 10,000 aanze na la lita 1,000. Ni ndoo 50, siku 25 za mtu mmoja. Wengi uwandani wana tangi la kuchimba ardhini lililopigwa saruji, nalo ni jambo jema tulilojifunza wenyewe. Ila kwa mzee mdomo wa tangi hilo ni hatari. Upo usawa wa ardhi, mtu anainama juu ya shimo na kuvuta kamba. Inueni ukuta wa mdomo wake ufike kiunoni, wekeni kifuniko, na juu yake roda au pampu ya mkono. Kwa tangi la juu, koki isiwekwe chini kabisa kama tulivyozoea. Iwekwe juu kiasi cha kuacha nafasi ya jukwaa la tofali la sentimita 40, ndoo ikae juu ya jukwaa, mtu asiinue kitu kutoka ardhini. Na koki iwe ya mkono mrefu wa kusukuma, si ile ya kuzungusha. Waliopona ukoma, ambao misheni zetu za Ndanda na Masasi ziliwahudumia kwa miaka mingi, wanajua kwa nini ninasema hivi. Vidole visivyo na hisia, au visivyokunjuka, haviwezi kuzungusha koki iliyokaza.

Tuingie uani.

Katika kijiji kimoja cha ukingo wa Newala kuna bibi ambaye mwanawe, aliye Dar es Salaam, alimjengea nyumba ya kupendeza: tofali za kuchoma, bati za rangi, madirisha ya vioo. Nilimkuta anaishi katika jiko la nje, banda la miti na udongo, kitanda cha kamba kando ya mafiga. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanikaribisha kigoda. Nikamuuliza, "Bibi, mbona hulali ndani?" Akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, ile ni nyumba ya kupanda. Mchana naweza. Usiku haja ikinishika, nishuke, niende kule, nirudi, nipande tena? Acha nilale huku."

Hakumlaumu mwanawe hata kidogo. Alizionyesha bati kwa kidole, kwa furaha. Lakini nilipofuata njia yake ya usiku nilimwelewa. Kutoka chumbani kwake mpaka chooni alikuwa akipita kizingiti cha chumba, kizingiti cha ukumbi, ngazi nne za kushuka, ua wa mchanga wenye visiki viwili, kisha ngazi mbili za choo, kisha achuchumae juu ya tundu huku mkono mmoja umeshika tochi. Akichuchumaa, hakuna cha kumwinua ila ukuta.

Yaliyofanyika baadaye yalikuwa madogo. Seremala alitengeneza kiti cha mbao kisicho na chini, chenye tundu, kikakaa juu ya tundu la choo. Urefu wake haukutoka kitabuni. Alimkalisha bibi kwenye kigoda, akapima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, akaongeza inchi mbili, kwa sababu kunyanyuka kunataka urefu zaidi kuliko kukaa. Kwa wengi inakuja karibu sentimita 45. Pande mbili zikachimbiwa nguzo za mti mgumu, zikalainishwa kwa randa, zikaunganishwa na ubao wa kushika. Visiki vikang'olewa. Mlango wa choo ukageuzwa ufunguke kwenda nje. Hili la mlango naomba mafundi mlishike sana. Mtu akianguka chooni, mwili wake unauziba mlango unaofunguka kwenda ndani, na wanaokuja kumwokoa hawana pa kupita.

Kwa asiyeona, kamba iliyofungwa kwenye nguzo, kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, kwa urefu wa kiuno, inatosha kumpa uhuru wa usiku. Kwa anayeona kidogo, na mtoto wa jicho ameenea miongoni mwa wazee wetu, pakeni chokaa nyeupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Taa ya sola ya bei ndogo juu ya mlango wa choo inaongeza usalama. Na kwa usiku wa mvua hakuna aibu kuwa na ndoo yenye mfuniko chumbani. Aibu tunaiweka sisi watoto.

Watu wengi wakisikia habari za ulemavu hukimbilia njia ya mteremko ya kiti mwendo. Ni jambo la lazima kwa anayetumia kiti hicho, lakini hesabu yake ni kali. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za mwendo. Msingi wa sentimita 60 unahitaji njia ya mita 7.2. Nimeona njia za mita mbili zilizojengwa kwa nia njema mbele ya misingi ya namna hiyo. Kiti kikipanda kinapinduka kwa nyuma, kikishuka kinakimbia na mtu wake. Afadhali kuizungusha njia kando ya ukuta, iende, igeuke kwenye uwanja wa mita moja na nusu, kisha irudi. Masasi mawe ya kujazia yamejaa kila kilima. Newala mawe ni adimu, na udongo ulioshindiliwa unaoshwa na mvua ya kwanza, kwa hiyo kingo zake zijengwe kwa tofali. Juu pigeni zege, na kabla halijakauka lipigeni ufagio lipate makovu, lisiteleze. Kando wekeni ukingo mdogo ili gurudumu lisitoke.

Kama hakuna mwenye kiti mwendo, si lazima kujenga mteremko. Mzee mwenye magoti mabovu mara nyingi huona ngazi nzuri ni rahisi kuliko mteremko. Ngazi nzuri ina kimo cha sentimita 15, ina pa kukanyaga sentimita 30, na ina mti wa kushika pande zote mbili, kwa sababu mkono ulio mzima wakati wa kupanda si upande uleule wakati wa kushuka. Aliyepooza upande mmoja analijua hilo.

Milango ya ndani iache nafasi wazi ya sentimita 80, na anayejenga sasa aweke 90. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa kama 65, na pembeni kuna vidole vya mtu. Vizingiti viondolewe, au vilazwe kwa saruji pande zote mbili. Kitanda cha kamba kikilegea, kikazeni na kukiinua kwa tofali moja kila mguu. Jiko nalo linaweza kuinuliwa, lakini hapo muulizeni mwenyewe kwanza. Wapo mama zetu waliopika maisha yao yote wakiwa wamekaa chini, na kuwasimamisha ni kuwatesa.

Kumuuliza mwenyewe kuna uzito kuliko vipimo vyote nilivyotaja. Mila zetu za Kimakonde, Kimakua na Kiyao zinamweka mtu katika ukoo wa mama, mjomba ana sauti, na mama mtu mzima aghalabu ana nyumba yake anayoitawala. Tukija na mafundi na kuanza kubomoa mlango wake kwa sababu tumeona huruma, tumemfanya mgeni ndani ya himaya yake. Akae hapo, aonyeshe kwa fimbo yake wapi anashika, wapi anaogopa.

Sheria inatusaidia kiasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo ofisi ya kijiji, zahanati na shule tunaweza kuzidai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 7.8 ya Watanzania wenye miaka saba na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Si watu wachache wa kuwafanyia hisani. Lakini nyumba ya mtu binafsi hakuna mkaguzi anayeipitia. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imesema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga Morogoro ni ya wale wasio na mtu kabisa. Nakubaliana na sera kwamba mzee akae kwake. Nisichokubali ni kuiachia familia kazi hiyo mikono mitupu.

Fedha ziko sehemu mbili. Kwanza, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo, asilimia mbili ni za watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu yanategemea sana korosho. Ujuzi nao upo: Mmakonde anajulikana duniani kwa kuchonga mpingo. Kikundi cha mafundi wenye ulemavu hapa Newala kinaweza kukopa na kutengeneza viti vya choo, miti ya kushika, fimbo na magongo yanayolingana na kimo cha mtu, na wateja wako kila kitongoji. Ningependa kuona maombi kama hayo yakifika mezani mwaka huu.

Pili, ni fedha ya korosho yenyewe, kabla haijageuka pikipiki. Viongozi wa vyama vya msingi mliokaa hapa, mlio chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, mnajua siku malipo yanapoingia. Nawaombeni katika mikutano yenu ya wanachama mzungumzie jambo hili la nyumba za wazee wakati huohuo, kwa sababu vijana walio mbali huwa wamerudi, na mikono ya kufanya kazi ipo nyumbani.

Ila kalenda ina mtego. Minada inaanza Oktoba, na Oktoba ndio mwezi ambao uwandani maji ni adimu na ghali kuliko yote. Ukianza na zege mwezi huo utanunua maji ya kuchanganyia kwa bei ya soda. Kwa hiyo anzeni na kazi kavu: gata na tangi kwanza, viwe vimefungwa kabla ya mvua ya kwanza, kisha kiti cha choo, nguzo za kushika, kamba ya uani, na kuugeuza mlango wa choo. Bati liacheni lioshwe na mvua ya kwanza, maji yake msiyaingize tangini. Ngazi na njia ya mteremko zingoje mpaka mvua zikolee mwezi Desemba, tangi likiwa limejaa. Fundi akishamaliza kulipiga zege ufagio, lifunikeni kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku saba kabla gurudumu halijapita juu yake.